Nyumba Zinazopeana Mgongo

Zomba, 11 Mei 1997

Dada Esinati,

"Kijiji kimezeeka. Udongo wa hapa umechoka, na sisi tumechoka kukanyagana. Kila mtu akajenge karibu na shamba lake, apumue." Hayo ndiyo maneno ya Mjomba Chigonthi, mkuu wa kijiji chenye jina lake, kama ulivyoniandikia, na nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Sasa niambie: tangu lini nyumba ikala udongo? Udongo unaochoka ni wa shamba, na mashamba yetu hayako kijijini, yako bondeni na kule mteremkoni. Kiwanja cha watu hakichoki. Kinakanyagwa, kinafagiliwa, basi. Mjomba angesema panya wamezidi ghalani ningemwelewa. Akisema udongo, najua anaficha kitu.

Nimetanguliza ugomvi kabla ya salamu, na mama angekuwa hai angenichapa. Hujambo, dada? Kifua cha shemeji kinaendeleaje? Hapa sisi ni wazima. Mke wangu Tamandani anakusalimu sana na anauliza kama karanga zimekubali mwaka huu. Tangu Machi waliponipa ukuu wa idara pale chuoni nakosa usingizi, na bado gazeti linadai makala kila wiki. Ile ya juzi imeniletea barua nyingi za matusi, kwa hiyo ilikuwa makala nzuri.

Sijakuandikia tangu msiba. Sijui niandike nini juu ya lile, kwa hiyo naandika juu ya hili.

Wewe na mimi tumezaliwa ndani ya duara lile. Milango yote inatazama uwanjani, maghala yako nyuma, makaburi kwenye kichaka upande wa machweo. Mtoto akianguka, nusu ya wanawake wanamwona. Mgeni akiingia, anahesabiwa meno kabla hajakaa. Nimesoma habari za Warundi, ambao kila mtu hukaa kwenye kilima chake katikati ya migomba yake, na wanaishi vizuri. Sikatai. Lakini wao wamelelewa hivyo, wanajua kuitana kilima kwa kilima. Mchewa anayejenga peke yake huulizwa amemkimbia nani.

Basi nauliza: kijiji kikivunjika, nani anafaidi? Watu waliokaa pamoja huwezi kuwapitishia trekta. Ukiwatawanya unaongea na mmoja mmoja, na mmoja mmoja ni rahisi. Yule mwenye shamba la tumbaku ng'ambo ya mto amelitolea macho bonde letu la mboga kwa miaka. Je, Mjomba ameonekana naye? Na neno la kuhama, nani alilitamka kwanza? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako,
Jailosi


Chigonthi, 8 Juni 1997

Mdogo wangu Jailosi,

Pokea salamu zetu. Sisi ni wazima kwa kiasi cha uzima wa mwaka huu. Karanga zimekubali, mwambie Tamandani. Mahindi yameingia ghalani. Shemeji yako asubuhi anakohoa, mchana anakata nyasi. Mpwa wako Tisungane amefaulu mtihani, anasema akikuona atakusalimia kwa Kiingereza kitupu, kwa hiyo mjomba mtu ujiandae. Asante kwa sabuni.

Umeuliza nani alitamka kwanza. Maneno kama haya hayana wa kwanza, Jailosi. Asubuhi moja unayakuta yamelala uwanjani kama mbwa asiye na mwenyewe, na kila mtu anadhani ni wa jirani. Mwenye tumbaku simjui hata sura. Udongo aliutaja Mjomba kwa sababu mtu mzima akisimama mbele ya watu lazima aseme kitu.

Wewe unalinda kijiji ambacho hulali ndani yake. Sikulaumu, nasema tu.

Jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa, na si Mjomba aliyeamua. Watu walipoanza kupandishiana sauti, wakasema waulizwe waliolala makaburini. Ukaletwa unga. Mjomba akaumimina jioni chini ya mti wa msolo, pale tunapoombea, ukasimama kama kichuguu kidogo, akaufunika kwa chungu. Unajua desturi: ukikutwa umesimama asubuhi, tunakaa, ukikutwa umelala, wenyewe wametukataa mahali hapa. Asubuhi akafunua mbele yetu sote. Ulikuwa umelala. Mazoni, binti wa mama mdogo, alianza kushusha nyasi za paa lake siku ileile.

Basi usihangaike. Na usije sasa. Njia ni mbaya.

Dada yako,
Esinati


Zomba, 6 Julai 1997

Dada,

Hujambo na nyumba yako yote? Sisi hatujambo. Mwambie Tisungane namsubiri, nimenunua kamusi. Kifua cha shemeji akipeleke hospitali ya misheni, asikipeleke kwa majani ya jirani.

Sasa nisikilize. Njia ni mbaya mwezi wa Juni? Mvua ilikata Aprili. Mwezi wa Juni hata kobe anafika kwetu bila kuchafua miguu. Nani amekwambia uniandikie nisije?

La pili. Barua yako ilikaa njiani karibu mwezi mzima, na ilipofika, bahasha ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa ugali wa nsima. Nimeikwangua kwa ukucha. Posta wana gundi, dada, hawana nsima. Mtu wa huko huko nyumbani anasoma barua zetu.

La tatu ni unga. Unga wa nani? Ulipita mikono mingapi kabla ya kufika kwenye mkono wa Mjomba? Nani alilala karibu na msolo? Sisemi wazee wetu hawasemi. Nasema mwenye nia yake anaweza kuwasemea. Mkuu wa kijiji anataka watu wahame, mkuu wa kijiji anamimina unga, mkuu wa kijiji anafunua chungu, na unga unasema kama mkuu wa kijiji. Mwanafunzi wangu akiniletea hoja ya namna hiyo namrudishia karatasi.

Na la nne, ambalo limeniudhi kuliko yote. Wyson, mtoto wa Mazoni, alipita hapa na lori la kabichi wiki iliyopita. Nilimkuta amesimama nje ya uzio.

"Wyson! Ingia, bwana, utasimama kama mdai? Tamandani amepika nsima na dagaa wa usipa."

"Nimeshiba, mjomba."

"Umeshiba wapi? Umekaa juu ya kabichi tangu alfajiri."

"Nimekula kabichi."

"Mbichi?"

"Mbichi ndiyo tamu, mjomba." Akacheka peke yake.

"Basi maji."

"Maji dereva alinipa."

Nikamwambia, "Niambie ukweli wewe mtoto. Nani analitaka bonde letu?"

Akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. "Bonde? Mimi sijui bonde, mjomba. Mimi mtu wa kabichi." Akarudi nyuma nyuma mpaka kwenye lori, hakunigeuzia kisogo hata mara moja.

Mtoto niliyemnunulia viatu vya kwanza hawezi kuvuka kizingiti changu! Kijana aliyelipwa anyamaze huogopa kula mezani kwa anayemdanganya, maana tumbo lina aibu kuliko mdomo. Wamemlipa, dada. Wamewalipa wote, nawe unanificha jina la mlipaji. Niandikie haraka, na safari hii mpe dereva wa basi, usiipeleke posta.

Jailosi


Chigonthi, 17 Agosti 1997

Jailosi,

Salamu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kujibu. Shemeji yako amekwenda misheni, wamempa vidonge vyekundu, kifua kimelegea. Kuku wote wamekufa kwa kideri isipokuwa jogoo mmoja, na huyo ndiye tusiyemhitaji.

Uniache na mambo ya unga. Usiniulize tena.

Unataka kujua kijiji kilivyo. Mazoni amejenga ng'ambo ya kijito, nyuma ya kichuguu kikubwa, huoni hata moshi wake. Wengine wamefuata mteremko. Zamani mtu akijenga alitazama kwanza mlango wa mwenzake uko wapi. Sasa anatazama vilevile, ila augeuze wake usiuone. Nyumba mpya zote zinapeana mgongo. Uwanja wetu umeanza kuota majani katikati. Tumebaki mimi, Mjomba, na wale wazee wasioweza kubeba miti.

Juzi nilikutana na Mazoni kwenye pampu. Nikamwambia, "Umejenga mbali hivyo. Ukiugua usiku, nani atakusikia?"

"Ndiyo sababu nimejenga mbali," akasema. "Asinisikie mtu."

"Mtu gani, Mazoni?"

Akajitwika ndoo yake akaondoka, na ilikuwa haijajaa.

Shemeji yako naye ameanza. Anasema mwanamume aliyekuja kuoa kwa wakwe ameoa kijiji kizima, na kijiji kikifa yeye ni mgeni wa nani? Anataka kurudi kwa dada zake. Sijui kama anataka nimfuate au anaaga. Sijamuuliza.

Bado nasema usije.

Esinati


Zomba, 1 Septemba 1997

Dada,

Salamu kwenu wote, na pole kwa kuku.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Basi nimefanya kazi yangu. Makala iko tayari, kichwa chake ni "Mjomba Anayeuza Wapwa Wake." Nimemtaja Chigonthi kwa jina na kijiji kwa jina. Nimeandika habari ya unga, ya bahasha, ya kijana aliyefungwa mdomo. Mhariri anaisubiri, itatoka mwisho wa mwezi. Kama nimekosea, una muda wa kuniambia. Ukinyamaza, nitajua sijakosea.

Jailosi


Chigonthi, 9 Septemba 1997

Jailosi,

Barua hii anakuletea Tisungane kwa mkono wake. Mpe chakula, yeye atakula. Asubuhi mpandishe basi la kurudi.

Choma makala yako.

Sasa nalitaja jina ambalo mimi na wewe tumelizunguka tangu Februari kama ng'ombe wanavyozunguka shimo. Lameki. Mwanangu alikwenda kwako kusoma, akarudi ana macho ya manjano, akafa mikononi mwangu. Wewe ndiye mlinzi wa nyumba yetu, wewe ndiye uliyetakiwa kutupa udongo wa kwanza. Ulifika kaburi limekwisha kufagiliwa. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Mimi najua. Lakini mwezi uliofuata ukapewa ukuu wa idara, na hiyo nayo watu wakaijua.

Unajua wanachosema. Usijifanye hujui, ulikulia kwenye baraza hizi hizi na tulikuwa tukiyasema pamoja juu ya watu wengine, tukimenya karanga. Mwanamume akipanda juu ghafla, tazama ni mtoto gani wa dada yake aliyeshuka chini. Ndivyo tulivyokuwa tukisema. Safari hii mwanamume ni wewe.

Mazoni ndiye aliyesimama uwanjani. Alisema, "Mimi nina wavulana watatu, na wote Jailosi ni mjomba wao. Kama tunakaa hapa pamoja, aje mganga atunyweshe dawa ya kumfichua mchawi, na Jailosi aitwe anywe wa kwanza."

Mjomba akamwambia, "Kaa chini. Jailosi ni damu yangu."

"Lameki hakuwa damu yako?"

Hapo ndipo Mjomba alipoanza habari za udongo kuchoka. Mzee wa watu alikuwa anatafuta njia ya kuwatawanya kabla jina lako halijatamkwa mara ya pili. Huyo unayemwita muuzaji ndiye mtu mmoja aliyesimama upande wako. Bonde hakuna anayelitaka. Mazoni akasema, "Basi waulizwe waliolala. Wakisema tukae, tunakaa, na mganga anakuja." Watu wakaitikia.

Mjomba akanituma mimi unga, kwa kuwa ndimi mwanamke mkubwa wa ukoo. Wa kuombea ni ule wa mahindi yaliyolowekwa, ukatwangwa kinuni, ukaletwa una unyevu wake. Huo hushikana mpaka asubuhi. Mimi nilichukua wa mashine, mkavu, na pumba zake ndani. Nikaunyunyizia maji kidogo juu usimame mbele ya macho yao. Jioni unga wote ni mweupe. Chini ya chungu ulikauka ukashuka wenyewe. Ulitaka kujua mkono wa nani. Ni huu unaokuandikia.

Usinihubirie. Mtu akitajwa na mganga hana kijiji tena, na nyumba ya mama yake huchomwa. Wewe nilikubeba mgongoni kabla hujajua kusema maji. Nimezika mwanangu. Sikuwa tayari kumzika na mdogo wangu angali hai. Waliniwekea mezani kijiji na wewe, nikachagua.

Bahasha ile niliifungua mwenyewe. Nilikuwa nimeandika haya yote tangu Juni, nikaogopa, nikatoa karatasi moja nikaifunga kwa nsima. Na Wyson hakulipwa na mtu. Mtoto alikuogopa tu.

Watakusahau, kila mmoja huko aliko. Nyamaza, Jailosi. Mara hii moja, nyamaza.

Esinati


Zomba, 20 Septemba 1997

Dada Esinati,

Tisungane alikula akaongeza. Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wanafunzi wangu wengi. Makala nimeichoma mbele yake. Mwambie Mjomba namwamkia kwa magoti mawili, na usimwambie sababu, ataiona mwenyewe.

Ulichokifanya hakitatoka kinywani mwangu. Lakini kunyamaza siwezi. Unadhani wakitawanyika watanisahau. Dada, uongo husemwa vizuri zaidi kwenye nyumba ya peke yake, kwa sababu hakuna jirani wa kuuliza, "Wewe umeyaona wapi?" Mazoni nyuma ya kichuguu chake ataniogopa mpaka anakufa, na wavulana wake watawarithisha watoto wao hofu hiyo. Nawe utabaki katika uwanja wenye majani, shemeji amekwenda kwa dada zake. Kwa ajili yangu? Sikubali. Karatasi ya pili mpe mwalimu Nankhumwa, aisome uwanjani kwa sauti ya darasani.

Kwa watu wa Chigonthi, mliohama na msiohama.

Salamu kwenu, na poleni kwa msiba wa Lameki, ambao sikuwahi kuwapa pole kinywani.

"Jailosi amemla mpwa wake ili apate cheo." Hayo yamesemwa kwenu, na waliosema wanasikiliza sasa hivi. Nitayajibu. Lameki aliumwa ini. Nilimpeleka hospitali, nikakaa naye, nikamfulia mashuka, nikamlisha uji kwa kijiko akiwa anautema. Daktari aliponiambia hakuna la kufanya, nilimficha Lameki, lakini yeye alijua, akasema, "Mjomba, nipeleke kwa mama." Nilimkodia kiti cha mbele kwenye basi apate kuona njia. Cheo nilikiomba mwaka juzi, mkanicheka kwamba sitakipata. Siku ya mazishi nilikuwa ng'ambo ya maji pale daraja lilipokuwa, nikiwaona watu wa upande wa pili na sina namna ya kuvuka. Hivyo ndivyo nilivyomla.

Nakuja. Mjomba Chigonthi, nakuomba uitishe mkutano Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mchana, uwanjani penye majani. Mganga asije. Dawa yake siinywi, wala asinywe mtu mwingine kwa ajili yangu. Maswali nitayajibu yote, na atakayechoka kwanza atakuwa muulizaji. Nipimie pia kiwanja ndani ya duara. Nitajenga. Mtu mnayemwogopa msimweke Zomba, mwekeni mahali mnapouona mlango wake.

Shemeji, usifunge mzigo kabla ya siku hiyo. Nyinyi wanawake ambao bado hamjashusha nyasi, msizishushe. Wyson, shuka kwenye lori uje useme ulichokiogopa nyumbani kwangu. Nawe Mazoni, binti wa mama mdogo, vuka kijito na wavulana wako wote watatu. Keti mbele yangu, litaje jina langu nikiwa nakutazama, useme umeniona nikifanya nini, lini, na nani alikuwepo. Jibu lako silitaki kwa barua. Njoo ulitoe kwa mdomo wako.

Jailosi